SUV ya umeme Malindi: nimeipima kwa yuniti, si kwa kilomita za tangazo

Wengi wanaoniuliza kama SUV ya umeme itawafaa huku Malindi huanza na mchanga. Itapita? Itavuka maji? Ina nguvu? Itapita, maji itavuka kiasi chake, na nguvu inazo mpaka zinapitiliza. Lakini swali la kuanzia ni jingine: ukishafika unakokwenda umebakiwa na yuniti ngapi, na ni nani huko mwenye soketi?

Ninaloendesha ni la ukubwa wa kati, limetoka Japani, mota mbili, moja mbele na moja nyuma. Betri kwenye karatasi ni yuniti 71. Yuniti ni zile zile za tokeni ya stima, kilowati-saa moja kila moja. Katika hizo 71, za kutumia ni kama 64, maana gari lenyewe huficha nyingine ili betri isichakae mapema. Mimi naondoa 10 tena za akiba, kwa sababu ya daraja lililokatika au foleni nisiyoitarajia. Zinabaki 54, na hizo ndizo ninazopangia safari. Kilomita za kwenye tangazo hazinisaidii kitu, zimepimwa kwa mwendo na hali ya hewa isiyo ya hapa.

Matumizi, kwa vipimo vyangu: lami kwa kilomita 90 kwa saa huku AC inafanya kazi, yuniti 20 kwa kila kilomita 100. Changarawe iliyokunjamana kama bati, 24. Mjini polepole, 15 au 16. Mchanga mlaini kama wa njia za kushukia ufukweni upande wa Mambrui, 35 na zaidi, na ukikwama ukajikwamua ndiyo usiseme. Ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 110 kwenye lami, nguvu ya hewa inayokuzuia inapanda karibu mara moja na nusu. Kerieri yenye hema na madebe juu ya paa nayo inakula siku nzima, uwe umelala humo au hukulala.

Jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja ni upepo. Barabara yetu kuu inafuata pwani, kwa hiyo kaskazi na kusi zote mbili zinaipiga kwa urefu. Msimu wa kaskazi ukielekea Garsen unakwenda uso kwa uso na upepo. Ukivuma kilomita 20 kwa saa, gari lako la 90 linapambana na hewa ya 110, na matumizi yanapanda karibu robo, yaani kutoka 20 hadi 24 au 25. Kurudi unasukumwa, lakini kwanza ufike. Msimu wa kusi mambo hugeuka, anayeteseka ni anayeelekea Mombasa.

Sasa safari zenyewe. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, kwenda na kurudi 240, yuniti 48. Inawezekana bila kuchaji njiani, na foleni ya Mtwapa haiumizi sana: gari likisimama, kinacholiwa ni AC peke yake, yuniti moja au moja na nusu kwa saa. Kinachoumiza ni kuzungushwa. Mvua za Novemba 2023 zilipoharibu daraja la Mbogolo, kati ya Kilifi na Malindi, magari yalilazimika kupitia njia za ndani. Aliyepiga hesabu ya kufika nyumbani na yuniti tatu hana pa kwenda siku kama hiyo.

Lango la Sala, la kuingilia Tsavo Mashariki kutoka kwetu, liko kama kilomita 110. Nahesabu njia yote kama changarawe hata penye lami: yuniti 26 kwenda, 26 kurudi. Humo ndani mwendo ni wa pole, na hapo umeme unakuwa raha. Kimya, huwashtui wanyama, na matumizi hushuka hadi 17 kwa kilomita 100. Zunguka kilomita 60 tu kando ya mto Galana, ni yuniti 10. Jumla 62 kati ya 64. Hiyo ni kamari, siipendekezi kwa mtu. Kwa Sala ya kwenda na kurudi siku moja, dizeli bado ndiyo mwenye nyumba. Ukilala huko, ulizia kabla kambi inatumia nini. Ikiwa ni jenereta ndogo ya kubebeka, chaja nyingi hukataa kuwaka na kuonyesha hitilafu ya athi (waya wa usalama unaoingia ardhini), kwa sababu waya wa nyutro kwenye jenereta hizo haukuunganishwa na athi. Ipo plagi ndogo ya kuunganisha viwili hivyo, inayochomekwa kwenye soketi ya pili ya jenereta ile ile. Itengenezwe na fundi anayejua anachofanya, na isichomekwe kamwe kwenye soketi ya nyumba.

Lamu ina hesabu yake. Gari lenyewe haliingii kisiwani, unaliacha Mokowe ukavuka kwa boti, na kutoka Malindi hadi hapo ni kilomita 220 na ushei kupitia Garsen na Witu. Hali ya hewa ikiwa tulivu unatumia yuniti 44, unafika na 20. Kwa kaskazi unatumia 54, unafika na ile akiba tu. Mwenye dizeli anaegesha na kwenda zake. Wewe unatafuta mwenyeji mwenye soketi. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.4, na baada ya kinachopotea njiani, kinachoingia kwenye betri ni kama yuniti 2.1 kwa saa. Saa 12 ni yuniti 25. Ukiwa ulifika na 20 sasa una 45, na kurudi kunataka 44. Ili urudi na akiba yako unahitaji saa 16, kwa kaskazi 18, maana kurudi unasukumwa na upepo. Kwa hiyo ukilala Lamu siku mbili unarudi bila wasiwasi. Ukilala moja, utaendesha kilomita 70 kwa saa huku umezima AC, familia imekununia. Mnunulie mwenyeji tokeni ya yuniti 40 mapema, usingoje akudai.

Kuhusu chaja za haraka, usiamini alama ya kwenye ramani. Piga simu, uliza mambo mawili: inafanya kazi leo, na kichwa chake ni cha aina gani? Magari ya Japani mengi yana tundu la CHAdeMO, ya Ulaya CCS2, ya soko la ndani la China GB/T. Kichwa kisicho chako hakikufai hata kikiwa mlangoni pako.

Nyumbani ndiko utakakoshinda au kushindwa. Kujaza asilimia 60 ya betri hii, yuniti 38, kwa soketi ya kawaida ni saa 18. Kwa chaja ya ukutani ya ampea 32, gari langu likipokea kilowati 6.6, ni saa sita au zaidi kidogo. Kebo yake iwe ya milimita 6 za mraba ikiwa umbali kutoka kwenye boksi hauzidi mita 20. Ikipita hapo, au ikiwa inapita darini chini ya mabati, weka 10, maana joto la dari linapunguza uwezo wa kebo. RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, iwe aina A kwa chaja yenye kinga yake ya umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), la sivyo aina B. Ile ya kawaida ya nyumbani, aina AC, inaweza kupofushwa na mvujo wa DC, isikate hata siku unayoihitaji. Ekstensheni isikaribie. Ampea 10 kwa saa 12 mfululizo si sawa na pasi ya dakika tano, na hewa yetu ya chumvi hufanya pini za plagi ziote utando wa kijani. Utando huo ni ukinzani, ukinzani ni moto. Shika plagi baada ya saa moja: ikiwa hukai na mkono wako hapo, zima.

Halafu athi. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, na chini yake kuna jiwe la matumbawe. Fimbo moja fupi inayoridhisha nyumba msimu wa masika inaweza kushindwa Februari, na chaja ikakataa ikidai hakuna athi. Dawa ni kwenda chini zaidi, au fimbo mbili zilizoachana angalau urefu wa fimbo moja na kuunganishwa, karibu na mahali penye unyevu, mfano linapomwagika maji ya bafu. Fundi apime kwa mita msimu wa ukame, asikadirie.

Gharama nayo inataka akili. Ukiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, utaongeza zaidi ya yuniti 200 kwenye mita ya nyumba, na ukishapita yuniti 100 kwa mwezi unaingia daraja la bei ya juu. Ipo bei maalumu ya kuchaji magari iliyoanza 2023, inayotaka mita ya peke yake: ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo nyingine, na 8 saa za usiku. Anayetembea sana aiombe.

Mchangani gari la umeme lina tabia mbili za kujifunza. Mota inatoa nguvu yote papo hapo, kwa hiyo ukikanyaga kama dizeli linachimba kaburi lake mwenyewe, tena lina tani mbili. Weka hali ya mchanga au theluji, kanyaga kama unayekanyaga yai. La pili ni breki ya kurudisha umeme: ukiachia pedali tu, magurudumu yanajizuia na kuzama. Ishushe hadi ya chini kabisa kabla hujaingia. Presha ya tairi kutoka psi 36 hadi 20, pampu ndogo iwe ndani ya gari, na urudishe kabla ya lami. Tairi za inchi 18 ni bora kuliko za 20 kwa vile ukuta wake ni mrefu, na mjini Malindi ni rahisi zaidi kuzipata.

Spea, mengi ya magari haya hayana. Umepewa chupa ya gundi na pampu. Gundi inaziba tundu la msumari, haizibi ukuta uliochanwa na jiwe au mwiba wa mgunga. Nunua gurudumu zima, libebe nyuma, ukubali kupoteza nafasi ya mabegi.

Uharibifu ulionishangaza zaidi ni wa breki. Kwa kuwa mota ndiyo inayolizuia gari, pedi hazigusi diski kwa siku nyingi, na chumvi inafanya kazi yake. Chungulia kati ya spoku za rimu: utaona duara la kahawia pembezoni mwa diski, lenye ukingo unaonaswa na ukucha, na katikati mstari mwembamba tu unaong'aa. Ukikanyaga kwa dharura, pedi inashika ule mstari peke yake. Kila wiki, penye barabara tupu, toa breki ya umeme, nenda 60, kanyaga kwa nguvu mara tano au sita. Na maji ya bahari usiyaingie hata ya kifundoni. Uwezo wa kuvuka sentimita 50 uliotajwa na kampuni ni wa maji ya mto.

Maji mengine ya hatari ni ya kisima. Kipozeo cha betri ni maalumu, kisichopitisha umeme kirahisi. Fundi akikijazia maji ya kisima chetu yenye chumvi, kimeharibika, na siku kikivuja penye nyaya, gari linagundua mvujo wa umeme na kugoma kuwaka. Kibandike kifuniko karatasi ya onyo kwa Kiswahili.

Kuhusu yale makubwa ya safari za mbali yanayosifiwa mitandaoni, kama Rivian R1S ya Marekani: ni gari zuri, lakini usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili usukani wa kushoto isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu. Hata ungepita hapo, lina tani zaidi ya tatu na betri ya zaidi ya yuniti 130, na kwa soketi ya Mokowe kulijaza ni siku mbili na nusu. Betri kubwa huku bila chaja kubwa ni tangi refu lenye bomba la majani ya soda. Ya China nayo hakikisha ni toleo la usukani wa kulia, na la mitumba liwe ndani ya miaka minane.

Ukienda kulitazama lililotumika, nenda na kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari) na programu inayolifahamu gari hilo, usome afya ya betri. Chini ya asilimia 85 shusha bei au ondoka, kwa kuwa kila asilimia inayopungua inakatwa kwenye zile yuniti 64. Lichaji mbele yako kwa nusu saa. Kisha fungua tundu la kuchajia, umulike kwa tochi pini moja moja: zikiwa na ukijani, lilikaa pwani kabla yako, na chini yake patakuwa hivyo hivyo. Lala chali uangalie.