Deli la lita 120: barafu linaitunza, njia linaiziba

Deli hili, yaani sanduku la kubebea samaki na barafu, nimelitumia miezi mitano kuleta sato kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Kirumba, Mwanza, kwa hiyo ninayosema hapa kiuno changu ni shahidi. Nilinunua mjini kwa shilingi 260,000, muuzaji alianzia 300,000. Jina la kampuni naliacha.

Kwanza nilipe haki yake. Ukuta wake ni mnene, una foma katikati. Napanga barafu chini, sato, barafu tena, hivyo hivyo hadi juu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Nikilifunga Nansio asubuhi na kulifungua Kirumba jioni, mabonge ya barafu bado yana pembe na mashavu ya samaki ni mekundu. Kizibo cha kutolea maji kiko chini kabisa. Deli langu la zamani kizibo kilikuwa juu kidogo, sato wa chini wakawa wanafika wameogelea kwenye maji ya damu, na mteja wa Mwanza humdanganyi kwa samaki.

Shida ni umbo. Ubavuni kuna karatasi ya Kiingereza inayojisifu kwamba deli hili haliwezi kuwa "cumbersome". Mimi nikadhani ni habari za matango, maana "cucumber" naijua. Mpwa wangu anayesoma Nyegezi alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana shangazi, la tango lilitoka Kilatini, halihusiani kabisa. Hapa wanasema halisumbui kubeba."

Kesho yake akaja na asili yake. Neno limetokana na Kifaransa cha zamani, "combre", yaani kizuizi kilichowekwa mtoni. Waingereza wakalichukua, wakaliongezea mkia wao wenyewe, "some", ule ule ulioko kwenye "troublesome". Karne ya 14 walilitumia kwa kitu kinachozuia mtu asipite. Kuliita hivyo furushi lisilobebeka kulikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 16.

Basi hapo ndipo nikalielewa deli langu! Miezi yote nilikuwa nalalamika kwamba ni zito, kumbe uzito si kosa lake. Likiwa tupu nalibeba mwenyewe. Kosa lake ni kuziba. Sisi wa ziwani tunalijua hilo: gugumaji likijaa mwaloni, mtumbwi haugeuki, na jani lenyewe unaling'oa kwa mkono mmoja. Deli likiingia mlangoni mwa daladala, hapandi mtu wala hashuki, na konda ananidai nauli ya watu wawili. Melini nililiweka kwenye kijia kati ya viti, abiria wakawa wanaliruka. Mzee mmoja akasimama mbele yake akaniuliza, "Mama, hapa umejenga ukuta?" Hakujua kwamba amesema Kifaransa.

Vishikio ndivyo vilivyoniudhi zaidi. Vimewekwa kwenye ubavu mrefu, kushoto na kulia, badala ya kwenye ncha mbili. Wachukuzi wawili wakilibeba, mmoja huku mwingine kule, wanakuwa wapana kuliko ngazi ya meli. Inabidi wageuke wakatembee upande kama kaa, na nyuma yao foleni inapiga kelele, matusi yote yanakuja kwangu. Aliyelichora sidhani kama amewahi kushuka bandarini na mzigo.

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye guta au pikapu anunue bila wasiwasi, barafu hatailalamikia. Anayetegemea daladala na meli achukue madogo mawili. Langu sasa linakaa mezani Kirumba, halitembei. Safarini nakwenda na mawili ya lita 50, yanaingia chini ya kiti.