Hexham Abbey: shukeni kule chini, msiishie juu

Mwaka jana nilikuja kwenye kanisa hili la kale, kaskazini mwa Uingereza, na kampuni moja ya tua, wakatupa dakika 20 tu, picha mbili za mlangoni hao kwenye basi, hela yangu bado inaniuma. Safari hii nikapanda treni mwenyewe kutoka Newcastle, na kusema kweli nilikuwa nafuata ukuta wa Hadrian, ule wa mawe waliojenga Warumi, mvua ndo ikanisukuma kanisani. Hakuna kiingilio, kuna sanduku la sadaka.

Sasa uhondo wote uko chini. Katikati ya kanisa kuna ngazi za mawe zimesimama wima kweli, unashuka unajikuta kwenye vichumba vilivyobaki vya kanisa la askofu Wilfrid, la mwaka 674 hivi, halafu ukiangalia ukuta vizuri unaona mawe yenyewe si ya Wilfrid. Ya Warumi! Wameyabeba Corbridge, kilomita chache tu kutoka hapo, mji Warumi walishauacha zamani. Mafundi hata hawakujali nakshi, jiwe moja lina majani yamechongwa vizuri limelazwa ubavu, linalofuata mapambo yamekatikia katikati. Kule kwetu mtu akibomoa nyumba si matofali yanagongwagongwa udongo utoke yanauzwa tena, basi ndo hivyo hivyo, jiwe limeshachongwa nani ahangaike na tindo upya.

Lililonikamata ni jiwe la maandishi ya Kilatini, linamtaja mfalme wa Roma Severus na wanawe Caracalla na Geta, ila jina la Geta limekwanguliwa. Kaka yake Caracalla alimuua mwaka 211 halafu jina likafutwa kila sehemu. Nimesimama hapo sijui dakika ngapi, ugomvi wa ndugu wa Roma nausoma chini ya kanisa la Uingereza, na waliojenga wala hawakuwa na habari nao.

Juu usimpite Flavinus, mbeba bendera wa askari wa farasi wa Kirumi, amekufa na miaka 25, kazini 7. Jiwe la kaburi lake kubwa kumzidi mtu, kachongwa juu ya farasi na adui kajikunyata chini, na hili nalo walilizika kwenye msingi mpaka likafukuliwa 1881.

Nyota 5. Kushuka kuna saa zake, ulizieni kwanza, na mwenye magoti mabovu abaki na Flavinus tu, zile ngazi si za mchezo.