Mfumo mpya wa kumbukumbu chuoni: eti sijawahi kusoma pale

Nilitaka kusifu na kutoa nyota zote, Mungu ananiona. Niliposikia chuo nilichosomea stashahada kimehamishia kumbukumbu za wanafunzi kwenye mfumo wa kielektroniki, nilifurahi kuliko wenzangu wote. Mimi mwenyewe ni Msaidizi wa Kumbukumbu kwenye halmashauri moja, na tangu tuanze kutumia e-Ofisi, mfumo wa serikali wa majalada ya kielektroniki, sijapandisha tena ngazi na rundo la majalada kifuani. Kwa hiyo asinione mtu mshamba wa mifumo.

Nilihitaji transkripti, ile karatasi ya matokeo ya masomo yote. Ajira zimetangazwa, siku zimebaki za kuhesabu. Kulipa kulikuwa rahisi ajabu: jina, simu, namba ya malipo, pesa imekwenda. Nikasema hawa wamejipanga. Kumbe nimewahi kushangilia, maana hatua iliyofuata ni kuingiza namba ya usajili, na sisi tulioingia 2009 namba zetu zina mikwaju (/), na mfumo hautaki mkwaju. Nikaiondoa, ukakataa. Nikaweka nukta, ukakataa. Simu ya ofisini inaita tu mpaka inakatika.

Nikapanda basi mpaka chuoni. Ilikuwa Jumanne au Jumatano, sikumbuki, ila jua nalikumbuka. Dirishani yupo kijana, sikio moja lina muziki. Akabofya mara mbili.

“Haupo kwenye mfumo.”

Nikamwambia mdogo wangu, cheti changu hiki hapa, muhuri ni wa kwenu. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma kama anakagua noti bandia.

“Mama, mfumo haudanganyi. Labda hukumaliza.”

Labda hukumaliza! Mbele ya foleni nzima! Nyuma yangu kuna mtu akacheka kidogo, kile kicheko cha kujifanya kikohozi. Na wakati ananiambia hivyo, kioo cha kompyuta yake amekigeuzia watu. Nimesoma pale kwa macho yangu matokeo ya binti mwingine, jina kamili na masomo aliyorudia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, sijui wao waliambiwa inahusu benki peke yake.

Nikamuuliza majalada yetu yako wapi. “Yamefungiwa stoo, siku hizi hatutumii karatasi.” Hapo ndipo damu ilipochemka. Kazi hii naijua. Kwanza unaorodhesha majalada uliyonayo, unatenga ya kuteketezwa kwa utaratibu, yanayobaki unayapa namba ambazo mfumo utazielewa, halafu ndiyo unaskani. Ukimaliza unahesabu: kwenye rafu yalikuwa mangapi, kwenye kompyuta yameingia mangapi. Hawa walianza na wanafunzi wa karibuni, sisi wa nyuma wakatufungia kwa kufuli, wakatangaza kazi imekwisha. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi aliyenipa maji.

Aliyeniokoa ni mzee wa masjala ya zamani, sasa kawekwa kona ya kupokea barua. Shikamoo, marahaba, ulisoma kozi gani, mwaka gani, darasa lenu kiongozi alikuwa nani? Akachukua ufunguo. Hazikupita dakika ishirini karudi na jalada langu, vumbi mpaka kwenye kope. Folio namba moja, yaani karatasi ya kwanza jaladani, ni barua yangu ya kukubali nafasi, na chini ya saini yangu ipo saini ya baba, ile ya mkono unaotetemeka. Baba hayupo tena. Sikujua kama ile karatasi bado ipo duniani. Nikajikuta nalia pale dirishani, na yule kijana, nisimnyime haki yake, akatoa kile kidude sikioni na kunisogezea kiti.

Na tuseme yote. Jalada lilipoingia kwenye mashine mambo yalibadilika. Akaskani, akanitengenezea namba mpya, na kabla sijafika stendi transkripti ilishaingia kwenye baruapepe, safi, ina msimbo ambao mwajiri anaupiga picha anathibitisha mwenyewe. Zamani hiyo ni wiki mbili za nenda rudi, na ukute mwenye muhuri yuko safari. Ndani ya basi nikazipandisha nyota mpaka nne. Nikamsamehe hata na ule “mama” wake, japo tunapishana miaka kumi tu.

Nyumbani nikaifungua vizuri. Alama sawa, jina sawa. Jinsi: mwanaume.

Nikatuma maombi ya kurekebishiwa. Kasi yao siilaumu, jibu limekuja hata chai haijapoa: makosa yote ya taarifa hurekebishwa kwa malipo, na namba ya malipo ni hii hapa.

Nyota narudisha mbili. Moja ni ya yule mzee.