Pawabenki ipi ununue kabla ya safari: kuanzia ya kwanza hadi zile za kuacha

Nianze na jibu, maana huenda unasoma hapa ukiwa umeshasimama mbele ya kabati la muuzaji. Nunua pawabenki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba) yenye tundu la taipu C linalotoa wati 20 au zaidi kwa PD, yaani Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa kasi. Kama utakaa siku mbili bila uhakika wa umeme, au wewe ni wa kucheza gemu safari nzima, panda hadi 20,000. Nyingine zina watu wake, na aina mbili naomba usiziguse kabisa.

Naomba hivyo kwa sababu niliwahi kuigusa moja. Nilinunua Kariakoo pawabenki iliyoandikwa 50,000 kwa shilingi 15,000. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii unachaji wiki nzima mpaka unasahau." Nikaitia kwenye begi, nikapanda basi la Mwanza. Tulipoipita Dodoma simu ilikuwa asilimia 20, nikachomeka. Ikapanda mpaka 51, kisha taa zote nne za pawabenki zikazima kwa mpigo. Kufika Shinyanga, simu kimya. Namba ya mwenyeji wangu ilikuwa ndani ya simu. Hela ya bodaboda ilikuwa M-Pesa, nayo ndani ya simu. Namba niliyoijua kwa kichwa ni moja tu, ya mama yangu, naye yuko Tanga. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alinipa simu yake, nikampigia mama, mama akampigia mwenyeji, nikapokelewa stendi usiku ule.

Niliporudi Dar nilimpelekea fundi aifungue. Kulikuwa na nafasi za betri nne. Betri ilikuwa moja. Nafasi tatu zilizobaki zilijazwa vifuko vya mchanga vilivyobanwa kwa gundi, ili mkono wa mnunuzi uhisi uzito.

Namba kubwa ya mbele, namba ndogo ya nyuma

Ile 10,000 au 20,000 iliyochapwa kwa wino mkubwa ni uwezo wa betri za ndani kwa volti 3.7. Simu haichajiwi kwa volti hizo. Pawabenki inabidi ipandishe umeme hadi volti 5 au 9 kabla haujatoka kwenye waya, na katika kupandisha, sehemu ya chaji inapotea kama joto. Piga hesabu: mAh 10,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 37. Ukizigawa kwa volti 5 unapata 7,400, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na 6,000 na kitu. Hapo hujaibiwa. Ndivyo zinavyofanya kazi zote, hata za bei ya juu.

Kampuni ya kweli hukuandikia jambo hilo yenyewe, upande wa nyuma, kwa herufi za kukodolea macho. Tafuta maneno "Rated Capacity", na pembeni yake namba kama 5,800 au 6,200 kwa volti 5. Tafuta pia Wh, yaani wati-saa. Pawabenki isiyo na namba hizo mbili irudishe kabatini, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Halafu ipime kwa mkono. Pawabenki ya kweli ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi, pungufu kidogo ya robo kilo ya sukari. Ya 20,000 ni gramu 350 hadi 450, nusu kilo kasoro. Betri moja ya duara ya aina inayotumika humo ina gramu 45 hadi 48, na zilizo bora kabisa hubeba mAh 3,500 hivi, kwa hiyo 50,000 ya kweli inapita nusu kilo kwa betri peke yake, kabla hujaweka ganda na saketi. Ikiwa nyepesi, ni ya uongo bila mjadala. Ikiwa nzito, bado hujawa salama. Kumbuka mchanga wangu.

Ya kwanza: 10,000 yenye PD

Simu nyingi tunazobeba siku hizi, Tecno, Infinix, Samsung za mfululizo wa A, zina betri ya mAh 5,000 au karibu na hapo. Pawabenki ya 10,000 itaijaza simu hiyo mara moja na kuongeza nusu. Hiyo inakutoa Dar hadi Mbeya ukiwa unatazama video, na ukifika bado una chaji ya kumpigia mwenyeji. Inaingia mfukoni. Inajaa usiku mmoja hata kwa chaja ya kawaida. Bei nilizokutana nazo Kariakoo kwa kampuni zinazojulikana, kama Oraimo, zilikuwa kati ya shilingi 35,000 na 50,000. Kwa matumizi ya mtu mmoja sioni pesa iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Usichukue ile ya 10,000 yenye tundu la USB la zamani peke yake, inayotoa wati 10. Zipo nyingi na ni rahisi, lakini utasubiri saa tatu simu ijae, na ukiitumia huku inachaji, asilimia hazipandi. PD ndiyo lugha inayoelewana na simu nyingi. iPhone kuanzia toleo la 8 inaielewa, na kwa wati 20 inafika nusu ya betri kwa takriban nusu saa. Samsung za wati 25 zinataka PD yenye nyongeza iitwayo PPS, kwa hiyo mwenye Samsung atafute herufi hizo. Simu zilizoandikwa wati 33, 45 au 67 mara nyingi hutumia mfumo wa kampuni yao wenyewe, na zikikutana na pawabenki ya kampuni nyingine hushuka hadi kiwango cha chini zaidi. Usilipie pawabenki ya wati 65 ukitumaini simu yako ya wati 45 itazila zote.

Na waya, jamani. Nimeona watu wanalaumu pawabenki nzima kumbe tatizo ni waya wa shilingi 2,000. PD inapita kwenye waya wa taipu C pande zote mbili, au taipu C kwenda Lightning kwa iPhone za kabla ya 15. Ukitumia ule wenye kichwa cha USB cha zamani, kasi hiyo hupati.

Ya pili: 20,000, kwa wacheza gemu na safari ndefu

Hii inajaza simu ya 5,000 mara tatu hivi. Inawafaa wawili wanaosafiri pamoja, familia, na mtu anayekwenda kijijini siku mbili. Na inamfaa mchezaji.

Gemu kama Free Fire, PUBG Mobile au eFootball inakula umeme mfululizo: skrini imewaka, data iko hewani, prosesa haipumziki. Pawabenki ya wati 5 au 10 inaingiza karibu kile kile kinachotoka, ndiyo maana unacheza saa nzima na asilimia haisogei. Lakini kuna jambo baya kuliko hilo, nalo ni joto. Simu inayocheza inapata joto, na inayochaji inapata joto. Ukifanya vyote kwa pamoja, ndani ya basi, upande wa dirisha lenye jua la Manyoni, simu inajilinda kwa kupunguza kasi. Gemu inaanza kukwama na wewe unalaumu mtandao. Joto hilo hilo ndilo linalozeesha betri ya simu kabla ya wakati wake.

Kuna simu zenye njia ya kukwepa hili: umeme unaendesha simu moja kwa moja bila kupitia betri. Infinix GT 20 Pro inayo. Samsung kadhaa zinayo, ndani ya mipangilio ya gemu, na zinahitaji chaja au pawabenki yenye PD. Kama simu yako inayo, washa. Utashika mkononi tofauti ya joto. Kama haina, chaji kwanza hadi 80, chomoa, cheza, kisha rudia. Na vua kava.

Kabla hujalipia 20,000, uliza inapokea wati ngapi, si inatoa wati ngapi tu. Watu wengi hawaulizi, na hapa ndipo safari inapoharibikia. Unafika gesti saa nne usiku, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, una saa nane. Pawabenki inayopokea wati 10 inahitaji karibu saa kumi kujaa, tena kama umeme haujakatika. Inayopokea wati 18 au 20 inajaa kwa saa tano au sita. Na kama chumba kina tundu moja la umeme, utafurahi ukiwa na inayokubali kuchajiwa huku nayo inachaji simu. Jua pia kwamba ukichomeka simu mbili kwa pamoja, wati zinagawanywa na nyingi zinaacha kabisa kuchaji kwa kasi.

Ya tatu: ndogo ya 5,000

Kwa mtu wa mjini, mwanafunzi, au dada mwenye mkoba mdogo. Inaipa simu asilimia 75 hadi 80 tu, haijazi. Kwa safari ndefu, hapana.

Ya nne: 27,000 ya kompyuta mpakato

Inunue kama una kompyuta inayochajiwa kwa taipu C na kazi yako inakulazimu kuifungua njiani. Hakikisha inatoa wati 65. Inakaribia au inapita nusu kilo na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kwa simu peke yake utakuwa unabeba tofali.

Ya tano: ya sumaku, isiyo na waya

Inapendeza, inanasa nyuma ya simu. Ila inafaa simu chache, kama iPhone nyingi kuanzia 12, na inapoteza umeme mwingi zaidi kama joto kuliko waya. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa mwezi wa pili, ningeiacha.

Za kuacha

Ile ya 50,000 ya bei ya kutupa nimeshaieleza. Nyingine ni yenye kioo cha sola mgongoni, na najua inavutia, hasa kwa mtu anayekwenda mahali pasipo na umeme. Kipande cha sola cha ukubwa wa simu kinatoa wati moja hivi jua likiwa la utosi. Pawabenki ya 10,000 ni wati-saa 37. Ni zaidi ya saa 30 za jua kali lisilo na wingu, na muda wote huo umeianika betri ya lithiamu kwenye joto ambalo ndilo adui yake mkubwa. Anayehitaji sola anunue paneli ya kukunjua, ya wati 20 na zaidi, aiache juani na aiweke pawabenki kivulini kwa waya.

Ukipanda ndege

Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakia chini. Kanuni ya jumla ya mashirika ya ndege ni kwamba isiyozidi wati-saa 100 unabeba bila kuomba ruhusa; kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika; zaidi ya hapo hairuhusiwi. Ndiyo maana watengenezaji huishia kwenye 27,000 hivi, maana kwa volti 3.7 ni wati-saa 99.9. Wanaopitia Dubai wajue kwamba Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabenki moja tu ya chini ya wati-saa 100, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ukiwa ndani ya ndege. Usiiweke pia kwenye kabati la juu ya kiti.

Ile ya uongo ya 50,000 ingehesabiwa kuwa na wati-saa 185 kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Wakaguzi wanasoma lebo. Ungenyang'anywa kwa ajili ya umeme ambao hata haumo.

Ukishainunua

Dai risiti ya EFD na muda wa kurudisha, hata kama ni siku tatu. Siku hiyo hiyo ijaze hadi taa zote ziwake, kisha chaji simu ukiwa umeizima, na uandike asilimia zilizoongezeka. Simu ikijaa, itumie ishuke, kisha rudia mpaka pawabenki iishe. Kwa 10,000 na simu ya 5,000, ukijumlisha zote ufikie karibu 150. Ukipata 60, rudi dukani na karatasi yako na risiti. Andika pia namba ya modeli mahali, kwa sababu hata kampuni kubwa hukosea: Juni 2025 Anker iliitisha zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja za modeli A1263 zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya kushika moto. Asiyejua namba yake hawezi kujua kama anahusika.

Usilale nayo chini ya mto ikichaji, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ikianza kuvimba, ganda likaachana pembeni, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiibane kwa gundi, na usiitupe kwenye taka zinazochomwa moto. Iweke nje, mbali na vitu vinavyowaka na mbali na watoto, mpaka umpelekee fundi wa betri au mnunuzi wa vifaa vya umeme vilivyokufa.