Hosi za Pawa Steringi: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe Dukani

Hosi ya pawa steringi ni kipuri ambacho mwenye gari hukinunua mara chache sana, na mara nyingi hukinunua kwa haraka, oili ikiwa tayari imetapakaa chini ya injini na usukani umekuwa mzito. Haraka hiyo ndiyo inayowafanya wengi waubonyeze mpira kwa vidole, wauone ni mpya na laini, walipe na kuondoka. Mpira ni sehemu ndogo tu ya habari. Hosi ya presha hupimwa kwa ncha zake na kwa mikunjo ya mabomba yake, na mpangilio unaofuata hapa umejengwa juu ya kigezo hicho kabla ya bei.

Kwanza hakikisha kwamba gari lako lina hosi hizo. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme peke yake, bila oili wala hosi. Mengine yana pampu inayoendeshwa kwa umeme lakini bado husukuma oili, na hayo yana hosi kama kawaida. Ukifungua boneti ukaona tangi dogo la oili ya usukani, umo katika kundi la wanaohusika.

Katika mfumo wa kawaida oili hutoka tangini kwa hosi fupi ya kufyonza, huingia kwenye pampu, hutoka kwa hosi ya presha kwenda kwenye reki au boksi la steringi (sehemu inayogeuza magurudumu), kisha hurudi tangini kwa hosi ya kurudishia, ambayo kwenye magari mengi hupitia kwanza kwenye bomba la kupoozea lililo mbele ya rejeta. Hosi hizi si ndugu hata kidogo. Ile ya presha, usukani unapokatwa mpaka mwisho, hubeba presha ya kati ya bar 70 na 120 (bar ni kipimo cha presha) katika magari mengi madogo, ilhali ya kurudishia hubeba presha ndogo sana, na ile ya kufyonza karibu haina presha kabisa. Anayekuuzia hosi bila kukuuliza ni ya upande gani hajui anachokuuzia.

Kabla ya kununua, jua pia ni ipi inayovuja. Oili hutambaa kufuata bomba na kudondoka mbali na tundu lenyewe, na upepo wa safari huirudisha nyuma, hivyo hosi iliyolowa zaidi huenda ikawa nzima. Safisha eneo lote kwa kitambaa na dawa ya kuondolea grisi, washa injini, mtu mwingine azungushe usukani polepole huku na huku, nawe uangalie kwa taa ni wapi unyevu unaanza. Usipapase hosi ya presha kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa inaweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbiziwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Sasa tuitazame hosi ya presha kwa karibu. Mpira wake hauunganishwi na bomba la chuma kwa klampu bali kwa kikombe cha chuma kilichobanwa kwa mashine kuuzunguka. Hapo ndipo hosi nyingi hufia: mpira hukauka kwa joto, hupoteza mnyumbuko ndani ya kikombe, na oili huanza kujipenyeza kidogo kidogo. Katika hosi nzuri alama za kubanwa zimepangana sawasawa kuzunguka kikombe, mpira umeingia wima bila kuegemea upande mmoja, na hauna mpasuko wala uvimbe pale unapotokea. Hosi mbovu hujionyesha hapo hapo: alama moja imezama kuliko nyingine, au kikombe kimekaa mshazari juu ya bomba. Endelea hadi kwenye ncha. Ikiwa ni ya nati, nyuzi ziwe safi na nati izunguke bila kukwama kwenye bomba. Ikiwa ni ya jicho linalopitishwa boliti yenye tundu, nyuso zote mbili za jicho ziwe laini na bapa, kwa sababu washa ya shaba au ya alumini haiwezi kuziba mkwaruzo mrefu.

Kitu kingine hakionekani kwa nje. Pampu haisukumi oili kwa mkondo tulivu bali kwa mapigo, na sehemu ya kazi ya hosi ya presha ni kuvimba kidogo ili iyameze mapigo hayo. Baadhi ya magari yana kijibomba chembamba ndani ya mpira, cha plastiki au cha chuma kilichosokotwa, kilichowekwa makusudi kupunguza kelele. Hosi isiyo nacho itazuia oili isivuje vizuri kabisa na bado usukani utaunguruma kila unapoegesha.

Kwa kuzingatia hayo, nafasi ya kwanza naipa hosi kamili ya mtengenezaji wa vipuri anayejulikana, yaani mpira pamoja na mabomba yake yaliyokwisha kupindwa na ncha zake, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako. Gates na Continental ni miongoni mwa majina ya muda mrefu katika biashara ya hosi, na yapo mengine yanayoheshimika, hasa kwa magari ya Ulaya. Faida yake ni kwamba inashika kwenye vibano vyake, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye gari, bila kulazimishwa, na mara nyingi huwa nafuu kuliko ile inayouzwa na mtengenezaji wa gari. Juu ya mpira tafuta maandishi ya kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari: SAE J188 ni ya hosi ya presha inayoruhusiwa kuvimba, J191 ni ya ile inayovimba kidogo, na J2050 ni ya presha katika joto kubwa zaidi. Ikiwa bomba la ekzosi linapita karibu, hiyo ya mwisho ndiyo ya kuulizia. Hosi isiyo na maandishi yoyote, hata ikiwa ndani ya boksi lenye jina kubwa, itilie shaka, maana maboksi huigwa kwa urahisi kuliko hosi.

Tatizo la kundi hili si ubora bali ulinganifu. Modeli moja ya gari inaweza kuwa na hosi mbili au tatu tofauti kulingana na injini, mwaka, na upande wa usukani. Katalogi nyingi za mtandaoni zimeandikwa kwa kufuata magari ya usukani wa kushoto, na hosi ya gari la usukani wa kulia inaweza kuwa ndefu zaidi na kupindwa kwingine kabisa. Kwa hiyo usiagize kwa jina la gari na mwaka tu. Tumia namba ya chasisi kupata namba ya kipuri ya mtengenezaji wa gari, kisha utafute hosi mbadala inayolingana na namba hiyo. Hii ni kazi ya robo saa ambayo wauzaji wengi hawaipendi, lakini inakuondolea usumbufu wa kurudisha hosi iliyokwisha kulowa oili.

Nafasi ya pili inakwenda kwa hosi halisi ya mtengenezaji wa gari. Wengi wangeiweka ya kwanza, na kwa ubora pekee wana haki. Mimi naishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu hosi ya gari la zamani inaweza kuwa imekaa ghalani miaka mingi. Mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya mfuko wake. Hata hivyo zipo hali ambazo inapanda moja kwa moja hadi juu: gari ambalo hosi yake ina kijibomba cha ndani, gari ambalo hosi hupitia mahali pabaya kiasi kwamba kuibadilisha kunahitaji kushusha sehemu ya chini ya injini, na gari ambalo tofauti ya bei na ile mbadala ni ndogo. Katika hali ya pili gharama ya fundi huizidi gharama ya hosi, na hakuna busara ya kuokoa kidogo kwenye kitu kitakachokugharimu siku nzima ya kazi kikivuja tena. Kumbuka pia kwamba dhamana nyingi za vipuri hukupa kipuri kingine tu, bila kulipia kazi ya kukifunga.

Chaguo la tatu ni kumpelekea hosi ya zamani fundi wa hosi za haidroliki, yule anayehudumia matrekta na mashine za ujenzi, akate mpira uliochoka na kubana mpya kwenye mabomba yaleyale. Kwa gari adimu hili ndilo chaguo pekee lenye maana, na kazi ikifanywa vizuri hudumu. Lakini msimamie kwa maswali. Je, mpira wake unastahimili oili ya moto ya gari, wala si presha tu? Je, anatumia mashine ya kubana yenye kipimo cha kikombe hicho, au anabahatisha? Je, atadumisha urefu uleule na mzunguko uleule kati ya ncha mbili? Hili la mzunguko husahauliwa: bomba likigeuzwa digrii chache tu kutoka mkao wake wa awali, mpira hufungwa ukiwa umejipinda, na utapasuka mapema. Chora mstari wa rangi kuanzia bomba moja, juu ya mpira, hadi bomba la pili kabla hosi haijakatwa. Mabomba yenyewe yakiwa yameliwa na kutu, usipoteze fedha. Na ujue kwamba kijibomba cha ndani kikiwa kilikuwepo, huenda kisirudi, nayo kelele ikaja badala yake.

Hosi zilizovikwa nyavu za chuma cha pua ziko nafasi ya nne. Zinapendeza, hustahimili presha kubwa kupita inayohitajika, na kwa gari la mashindano zina mahali pake. Kwa gari la kila siku tatizo ni lilelile la mapigo: bomba la ndani ni la plastiki ngumu isiyovimba, hivyo mlio wa pampu husafiri mpaka kwenye usukani. Nyavu zake pia hukwaruza na hatimaye kutoboa chochote zinachogusana nacho. Zile zinazouzwa kama za magari yote, pamoja na mfuko wa viunganishi, zinaongeza sehemu za kuvuja kila kiunganishi kinapoongezwa.

Chini kabisa naziweka mbili pamoja: hosi mpya isiyo na jina na hosi iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Ya kwanza haina wa kumwajibisha. Ya pili ina mpira wenye umri uleule na ule unaoutoa, na joto lililoumaliza wako limeupitia na huo. Hosi ya gari lililovunjwa ina faida moja halali: ikiwa mabomba ya kwako yameoza kwa kutu, nunua hiyo kwa ajili ya mabomba yake, kisha umpelekee fundi wa haidroliki abane mpira mpya.

Upande wa kurudishia hauhitaji fedha nyingi. Mara nyingi ni mpira mnyoofu uliobanwa kwa klampu, nao unaweza kununuliwa kwa mita, mradi uwe na kiwango cha SAE J189, au J2076 kwa joto kubwa zaidi. Hosi ya oili ya kupoozea gia ya otomatiki pia huifanya kazi hiyo vizuri. Usikubali kamwe mpira wa rejeta au wa hita, hata kama kipenyo kinalingana, kwa kuwa aina ya mpira unaotumika huko huvimba na kulainika ukikutana na oili itokanayo na mafuta ghafi. Hosi ya kufyonza nayo isiwe laini kiasi cha kujikunja na kujiziba. Ikivuta hewa kwenye klampu iliyolegea, hutaona tone hata moja chini, ila oili ya tangini itatoa povu na pampu italia.

Nunua pamoja na hosi oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) mpya au washa mpya za kila upande wa jicho, maana hosi za bei ya chini huja bila hivyo, na washa iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi kwa uhakika mara ya pili. Oili iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha tangi. Baadhi ya magari hutumia oili ya gia ya otomatiki, mengine oili maalumu ya sintetiki, na kuchanganya kunaweza kuharibu sili. Oili ya zamani ikiwa nyeusi, inaweza kuwa dalili kwamba mpira wa ndani umekuwa ukimomonyoka. Suuza mfumo na ukague chujio dogo la tangini, ambalo likiziba hutoa mlio unaofanana na wa pampu iliyokufa.

Kabla fundi hajaifunga, laza hosi mbili sambamba na ulinganishe urefu, mikunjo, ncha na mahali pa vibano. Ikihitaji kupindwa kwa mkono ili ikae, si ya gari lako, na irudishwe ikiwa bado safi. Baada ya kufungwa, hewa itolewe kwa kuinua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, tangi likiongezwa oili kila inaposhuka, kisha injini iwashwe na zoezi lirudiwe bila kuung'ang'aniza usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache. Vibano vyote virudi mahali pake, hata kile kilichofichika nyuma ya pampu ambacho mafundi hupenda kukiacha, kwa sababu bila hicho hosi hutikisika na kuegemea ekzosi.