Dele, birika au buli: kununua vyombo vya kale vya kahawa Kampala

Mshindani wako katika kutafuta vyombo vya kale vya kahawa Kampala ni mnunuzi wa skrapu. Yeye hajali kama dele, lile birika la shaba la kahawa la watu wa pwani, lilitoka Lamu au sinia lilinakshiwa kwa mkono. Analitupa kwenye mizani, analipa kwa kilo, na muda si mrefu limefika Katwe kuyeyushwa. Inauma, lakini inakupa kipimo cha bei. Kabla hujaenda sokoni, uliza kilo ya shaba inanunuliwaje wiki hiyo, kwa sababu hapo ndipo bei ya chombo chochote cha shaba inapoanzia. Muuzaji anayetaka mara mbili au tatu ya hapo kwa chombo kizima hajakuonea. Anayetaka mara kumi akueleze sababu, tena akikuonyesha kwa kidole.

Vyombo hapa nimevipanga kwa swali moja: wageni wakifika kesho, kitamimina kahawa ambayo mtu anaweza kuinywa bila wasiwasi? Kwa hiyo ninaangalia ndani kwanza, kisha mdomo, kisha bawaba ya kifuniko. Nakshi huja mwisho. Wauzaji wetu hufanya kinyume: wanang'arisha nje kwa limau na majivu mpaka unajiona usoni, na ndani hawajawahi kuchungulia.

Inasaidia pia kujua vitu hivi vilifikaje. Wafanyabiashara wa pwani walileta madele na masinia yao. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, na Kampala yenyewe ikaunganishwa 1931. Juu yake zilipanda kaure za Uingereza, birika za hoteli na shaba ya Bara Hindi. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 kuondoka. Waliondoka na kile walichoruhusiwa kubeba, na makabati ya vyombo yakabaki Kampala, Jinja, Mbale na kwingineko. Ukiona leo sinia zito la Kihindi katika nyumba ambayo haina historia yoyote na India, huenda ndiyo njia lililopita. Mwenye nyumba hawezi daima kujua, na si adabu kumhoji kama polisi.

Namba 1: Birika la kahawa la mchovyo wa fedha

Najua wengi mlitarajia dele likae hapa. Subirini.

Birika la aina hii ni refu na jembamba. Buli la chai ni fupi lenye tumbo, na ndani, pale mdomo unapoungana na tumbo, kwa kawaida utakuta vitundu vya kuzuia majani. Birika la kahawa hurefushwa ili machicha yatulie chini na kahawa safi imiminike kutoka juu. Wauzaji wengi huviita vyote buli, na hilo ni faida yako.

Geuza usome kitako. Herufi EPNS maana yake ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliusajili mwaka 1840. Ndani ya chuma chenyewe hamna fedha hata chembe. Kwa hiyo akikuambia "ssebo, hii ni fedha tupu", mwonyeshe herufi hizo kwa upole. Fedha halisi ya Uingereza hubeba mihuri midogo: simba anayetembea, pamoja na alama ya mji, kama nanga ya Birmingham. Kama mihuri hiyo ipo kweli, acha kubishana, lipa uende zako.

Sababu ya kuliweka juu ni kwamba ndani nako kwa kawaida limechovywa, chuma chake ni kigumu, na lilitengenezwa kwa kazi ya hoteli na klabu, yaani kuoshwa na kugongwagongwa kila siku. Mchovyo ukiwa umelika kidogo kwenye pembe za nje, si neno. Ukiwa umelika ndani mpaka rangi ya njano inaonekana, shusha bei sana au liache.

Ukiona EPBM badala ya EPNS, tahadhari. Chuma cha chini yake ni laini, kina bati nyingi, na kikiwekwa juu ya sigiri kinayeyuka mbele ya macho yako. Hata lile la EPNS halipashwi motoni, maana mdomo na mpini vimeungwa kwa kulehemu. Kahawa pikia kwingine, kisha mimina humo. Lisuuze kwanza kwa maji ya moto lisipoe haraka.

Angalia pia mpini. Mabirika bora ya zamani yana vipete vyeupe viwili vya kuzuia joto, na mara nyingine vipete hivyo ni pembe ya ndovu. Kwa sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, pembe za ndovu si jambo la mzaha. Mpini wa mti mweusi utakuacha ulale.

Namba 2: Dele

Kwa uzuri, hakuna cha kushindana nalo. Kiuno chembamba, mdomo kama wa ndege, kifuniko chenye kinara. Siku ya Idi Kibuli au Bombo, dele likipita mkononi mwa kijana na vikombe visivyo na mikono, mazungumzo ya barazani hubadilika sauti. Kwa nini basi la pili? Kwa sababu ya bati.

Shaba, iwe nyekundu au ya njano, haitakiwi kugusana muda mrefu na kinywaji chenye uchachu, na kahawa ina uchachu wake. Ndiyo maana mafundi wa zamani walilipaka ndani bati: utaliona kwa rangi ya kijivu iliyofifia. Miaka ikipita bati linalika, shaba inatokeza, kisha inakuja kutu ya kijani. Tia kurunzi ya simu ndani. Kijivu kote, nunua. Mabaka ya njano, nunua kwa bei ya skrapu na uhesabu gharama ya fundi juu yake. Kijani kwenye mkunjo wa mdomo, pale ambapo kitambaa hakifiki, hilo ni la kabatini.

Fundi wa kutia bati ni wa kuchagua. Wengi wanaojua kulehemu wataliziba dele lako kwa waya uleule wa kulehemu, na waya huo mara nyingi una risasi, sumu ambayo huioni wala huionji. Mwambie unataka bati tupu, na umlipie bati hilo. Asipoelewa tofauti, mshukuru, ondoka na dele lako.

Dele la zamani na jipya lililozeeshwa vinatofautiana hivi. Kwanza beba sumaku ndogo: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Pili, uzee wa kweli hauko sawa kila mahali. Mpini umelainika pale kiganja kinaposhika, kitako kimeungua kwa makaa, bawaba imelegea kidogo. Uzee wa dawa unakaa sawasawa kwenye kila nakshi, hata mahali ambapo mkono haufiki. Tatu, tafuta maungio. Lililofuliwa kwa nyundo lina mshono na alama ndogo za nyundo zisizolingana. La kiwandani ni jepesi na laini kama kopo. La kiwandani nalo laweza kuwa na bati safi ndani, basi nunua ukitaka, ila usilipie umri ambao halina.

Kahawa isilale ndani ya dele. Likimaliza kazi, limwage, lioshe kwa maji na kitambaa laini, likauke likiwa wazi. Dawa ya kung'arishia shaba ni ya nje tu.

Namba 3: Birika la enameli

Bibi zetu walilitumia, kwa hiyo hakuna anayelihesabu kuwa la kale. Ni kosa. Birika jeupe lenye ukingo wa buluu, au lenye maua, linakaa kwenye sigiri, linapika kahawa ya Bugisu na tangawizi vizuri kuliko yote mawili yaliyotangulia, na bado ni rahisi kupata. Pitisha kidole ndani: likiwa limebanduka hata mahali padogo, chuma kitashika kutu na vipande vitaingia kikombeni. Kubanduka kwa nje ni sura tu. Ninayakwepa yenye rangi nyekundu na ya machungwa kali kwa ndani, maana rangi za aina hiyo za zamani zilikuwa na madini mabaya.

Namba 4: Kaure ya Uingereza

Seti kamili ni nadra. Birika bila kifuniko ni tele. Neno "England" peke yake kitakoni kwa kawaida linaonyesha chombo cha baada ya 1891, sheria ya Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Vinavyonivutia zaidi ni vyombo vinene vya reli. Herufi EAR&H ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, na mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa kuwa mashirika mawili. Kikombe chenye herufi hizo kinajieleza umri chenyewe. Gonga ukingo kwa kucha: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Nyufa nyembamba zilizoingia rangi ya kahawia chini ya king'aro zinanyonya kinywaji, basi weka biskuti.

Namba 5: Jebena

Hii ni birika ya udongo ya kahawa ya Waethiopia na Waeritrea. Usinunue ya kale. Udongo unakunywa kahawa ya mwenyewe wa kwanza, na hujui aliiosha vipi. Nunua mpya, kwa Waeritrea na Waethiopia wa Kansanga na Kabalagala, na omba uonyeshwe jinsi ya kuizoesha moto.

Vya kuandamana navyo

Sinia kwanza, na liwe zito. Liweke sakafuni: likiyumba, lilishapinda na litamwaga. Sinia la shaba lisilo na bati libebe vikombe na visahani, si tende wala halua moja kwa moja. Kwa kufunika vitafunio, makawa ya ukindu wanayosuka akina mama Wanubi ni mapya lakini yanapendeza kuliko kifuniko chochote cha chuma nilichokiona. Na kwa Baganda, kabla ya kikombe kulikuwa na kikapu kidogo cha buni za kutafuna mgeni anapokaribishwa. Kikipatikana kikiwa kizima, kiweke katikati ya sinia na ukijaze.

Kuhusu mahali: soko la Owino uende asubuhi, kabla ya msongamano. Wanaohama Kololo na Nakasero huuza vyombo kwa haraka, na hapo ndipo mabirika ya mchovyo hupatikana kwa bei ya kuridhisha. Maduka ya sanaa ya Buganda Road ni mazuri kwa kazi mpya. Ukienda Katwe, zungumza na wanaopima skrapu wenyewe; waachie namba ya simu, waambie utaongeza kidogo juu ya bei ya kilo kwa kila dele linaloingia bila kupondwa. Na popote uendapo, beba chupa ya maji. Jaza chombo, kimimine taratibu. Kikidondosha chini ya mdomo mbele ya muuzaji, kitadondosha pia kwenye kitambaa chako cha meza, na bei inashuka papo hapo.