Kenny au Jane: uzoefu wangu na msimu wa pili wa The Walking Dead

Mchezo ninaouzungumzia hapa ni msimu wa pili wa The Walking Dead, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Telltale Games na kutolewa kwa sehemu tano kati ya Desemba 2013 na Agosti 2014. Nimeucheza katika mkusanyiko wa mwaka 2019 unaokusanya misimu yote minne, kwenye PlayStation 4 ambayo mimi na mdogo wangu wa kike tunatumia pamoja hapa nyumbani Goma. Jambo ninalotaka kulijadili liko mwishoni kabisa mwa hadithi, kwa hiyo anayependa kufika huko bila kujua kitu asome aya mbili zinazofuata, kisha aache.

Huu si mchezo wa kulenga shabaha. Kazi kubwa ya mchezaji ni kuzungumza. Mhusika mwenzako anapokuuliza jambo, majibu manne hutokea chini ya skrini, na chini ya majibu hayo kuna mstari unaofupika haraka. Ukiisha kabla hujabonyeza, umechagua kunyamaza, na waliokuzunguka huuchukua ukimya wako kama jibu. Sauti zote ni za Kiingereza, lakini maandishi yanaweza kuwekwa kwa Kifaransa, jambo linalotufaa sana sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Hata hivyo kusoma sentensi nne, kuzielewa na kupima madhara yake huku mstari unakwisha ni kazi ya jasho, na mara nyingi nilijikuta nimebonyeza jibu ambalo moyo ulilitaka kabla akili haijafika. Nadhani watengenezaji walikusudia hivyo hivyo. Kuhusu umeme wetu wa kukatika katika, mchezo hujihifadhi wenyewe kila baada ya tukio, hivyo unachopoteza ni kipande kidogo tu.

Unamwongoza Clementine, msichana wa miaka 11, katika Marekani ambamo wafu wanatembea na kula walio hai. Wazazi wake wamekufa, na Lee aliyemlea katika msimu wa kwanza hayupo tena. Anaokotwa na kundi la watu wazima wanaogombana kila siku, na mara kwa mara watu hao wazima wanamwachia yeye, mtoto, kazi ambazo wao wenyewe wanaziogopa. Kundi linapungua sehemu baada ya sehemu hadi wanabaki wawili wanaoweza kumlinda: Kenny na Jane. Kila mmoja ana kasoro ambayo ingetosha kumkimbia, na wawili hao hawawezi kuishi chini ya paa moja.

Kenny alikuwa mvuvi wa Florida. Waliocheza msimu wa kwanza, wa mwaka 2012, walimkuta akiwa na mke wake Katjaa, daktari wa mifugo, na mtoto wao Duck. Duck aliumwa na mfu, na Katjaa akajitoa uhai porini kwa kushindwa kuona mwisho wa mwanawe. Katika msimu wa pili Kenny, ambaye sote tulidhani alifia Savannah, anaibuka tena akiwa na ndevu nyingi na mwanamke mpya, Sarita, katika nyumba ya mlimani. Furaha ya Clementine ya kumwona ni furaha ya kweli, na mimi niliishiriki. Lakini huyu si yule wa zamani. Kiongozi wa kambi moja, Carver, anampiga usoni kwa redio ya mkononi mpaka jicho moja linaharibika. Baadaye Kenny anamlipa kwa chuma, na anaendelea kupiga muda mrefu baada ya haja ya kupiga kwisha. Sarita naye anapoumwa na mfu, Kenny anamrushia Clementine lawama kwa maneno ambayo hakuna mtu mzima anayepaswa kumwambia mtoto. Kuna pia Arvo, kijana Mrusi mwenye mguu mbovu, ambaye Kenny anamtandika akiwa tayari ametekwa na hana uwezo wa kujitetea. Wakati huo huo, ni Kenny huyo huyo anayelitengeneza lori bovu kwenye baridi kali, na ni yeye anayempakata mtoto mchanga AJ, aliyeachwa yatima na Rebecca, kwa upole ambao hamwonyeshi mtu mwingine yeyote.

Jane tunakutana naye katika sehemu ya tatu tu, ndani ya kambi ya Carver, ambayo imewekwa katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ni mwanamke wa nywele fupi na maneno machache. Yeye ndiye anayemfundisha Clementine mbinu ya kuishi iliyo bora kuliko zote katika msimu huu: piga teke goti la mfu, ainame, kisha mchome kichwani, kwa sababu mtoto hafikii kichwa cha mtu mzima. Somo hilo lilinipendeza kuliko hotuba zote za Kenny, maana linamchukulia Clementine kwa kimo chake halisi. Ila Jane anabeba habari ya mdogo wake, Jaime, aliyekata tamaa ya kuishi. Jane alimburuta kutoka mahali hadi mahali mpaka siku moja akamwacha juu ya paa na kuendelea na safari. Kutokana na hilo amejijengea imani kwamba kila kundi huvunjika na kwamba mwenye akili huondoka mapema. Mwishoni mwa sehemu ya nne kweli anaondoka, na katika sehemu ya tano anarudi katikati ya milio ya risasi na kuwaokoa. Kwa hiyo hata yeye haifuati kikamilifu imani yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Sasa tufike kwenye theluji. Kenny anataka kwenda kaskazini, kwenye mji wenye ukuta unaosemekana kuitwa Wellington. Jane anataka kurudi kwenye lile duka. Katika dhoruba wanapotezana. Clementine anamkuta Kenny kwenye kituo cha mapumziko cha barabarani, kisha Jane anatokea akiwa mikono mitupu, na uso wake unasema kwamba AJ amekufa. Kenny anamrukia. Wanapigana kwa visu, Clementine akijaribu kuwatenganisha anasukumwa pembeni, na mwishowe Kenny yuko juu ya Jane akimshindilia kisu taratibu. Bunduki iko mikononi mwako. Unaweza kumpiga Kenny risasi, au unaweza kugeuza uso.

Ukweli unafuata baada ya mmoja wao kufa: mtoto analia. Jane alikuwa amemficha ndani ya gari lililotelekezwa, ili Clementine ajionee kwa macho yake Kenny ni mtu wa namna gani.

Mimi niligeuza uso, na mdogo wangu, katika mchezo wake aliohifadhi kando, alifyatua. Tumebishana juu ya jambo hili kuliko juu ya siasa. Hoja yake ilikuwa fupi, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: «Yaya, wewe unamhurumia kwa sababu mlijuana zamani. Mimi ninamwona alivyo leo.» Yeye alianzia msimu wa pili moja kwa moja, hakuwahi kumwona Duck wala Katjaa, na kwake Kenny ni mtu mzima mwenye hasira aliyempiga mfungwa na kumtukana mtoto, basi. Ninakiri kwamba akieleza hivyo, ni vigumu kumjibu. Binti wa miaka 11 hana wajibu wa kubeba hasira za mwanaume kwa sababu tu mwanaume huyo aliwahi kupoteza mtoto na mke.

Lakini kuna jambo ambalo mchezo huu unalijua na ambalo watu wa Goma hawahitaji kufundishwa. Volkeno ya Nyiragongo, iliyo jirani na mji wetu, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, wengi wetu tulishika barabara ya Sake kwa miguu. Katika msafara wetu alikuwamo mama mmoja jirani, mgomvi ambaye nusu ya mtaa ilikuwa haisalimiani naye. Njia nzima alifoka: mbona mnatembea polepole, mbona mmebeba godoro, nani aliyewaambia mpite hapa. Na njia nzima alikuwa na mtoto wa watu mgongoni, mtoto ambaye mama yake alikuwa ametangulia na hajulikani aliko. Walikuwamo pia watu wapole, wenye mipango mizuri, ambao asubuhi hatukuwaona tena. Sisemi kwamba ugomvi ni sifa njema. Ninasema kwamba nilipomtazama Kenny akiwa na AJ mikononi, sikuhitaji mwandishi wa Marekani anieleze huyu ni nani.

Ndiyo maana kosa la Jane lilinigusa kuliko la Kenny. Hasira ya Kenny iko wazi, unaiona inakuja, unaweza hata kumkimbia. Jane alimwacha mtoto mchanga kwenye gari, katika baridi kali, kukiwa na wafu wanaozunguka, ili apate ushahidi. Aliyekuwa na kitu cha kupoteza katika jaribio hilo alikuwa AJ peke yake, na hakuulizwa. Mdogo wangu anajibu kwamba jaribio hilo lilitoa majibu sahihi, kwa kuwa Kenny kweli aliua. Ni kweli. Mtu akichokonoa jeraha la mwenzake mpaka apigwe, kipigo kinakuwa cha kweli pia.

Udhaifu mkubwa wa tukio hili, kwa maoni yangu, ni kwamba waandishi walihitaji hila ili mizani isimame sawa. Kenny na Jane walikuwa na tofauti ya kutosha: kwenda mbele au kurudi nyuma, kumwamini binadamu au kutomwamini. Tungeweza kuombwa kuchagua kwa hoja hizo, mezani, bila kisu. Badala yake mtoto anafichwa, mmoja anafanywa muuaji na mwingine mwongo ndani ya dakika chache, na mchezaji anachagua kwa hofu. Jane hasa anaonewa, maana ameletwa kwetu tangu sehemu ya tatu tu wakati mpinzani wake ana msimu mzima nyuma yake.

Kinachofuata kimeandikwa vizuri zaidi, na ajabu ni kwamba kinazungumzwa kidogo. Ukibaki na Kenny, mnafika Wellington na kukuta mji upo kweli. Mwanamke aliye juu ya ukuta anasema nafasi zimekwisha, anawashushia mfuko wa chakula, na Kenny, huyu ambaye msimu mzima hakumwomba mtu kitu, anamsihi awachukue watoto wawili tu na kumwacha yeye nje. Mwanamke anakubali. Sasa uchaguzi ni wako: uingie na AJ, au uondoke naye Kenny. Mimi niliingia. Nilifanya hivyo kwa sababu ndilo jambo la kwanza Kenny alilomwomba Clementine bila kumpigia kelele, na kumkatalia kungekuwa kumnyang'anya tendo lake jema kuliko yote. Gavin Hammon, anayempa Kenny sauti, anaibeba sehemu hiyo bila kuigiza kupita kiasi, na Melissa Hutchison kama Clementine halikadhalika.

Njia ya mdogo wangu inarudi kwa Jane kwenye lile duka. Familia yenye mtoto inafika langoni ikiomba hifadhi, Jane anasitasita, na Clementine ndiye anayeamua. Ukiwafungulia, unaona baba ana bastola kiunoni aliyoificha chini ya nguo, na hadithi inakomea hapo bila kukuambia kama umefanya vyema. Nilipoitazama begani kwa mdogo wangu niliona wivu kidogo. Ni mwisho mkavu, unaomfaa Jane. Kuna pia njia ya tatu ya kuwaacha wote na kuondoka peke yako na AJ, ambayo haikunivutia, ingawa ninaelewa anayeichagua.

Anayetarajia kwamba uchaguzi huu utazaa matunda marefu katika msimu wa tatu, ulioanza kutoka Desemba 2016, apunguze matarajio. Kenny anakufa katika kumbukumbu fupi baada ya ajali ya gari akimfundisha Clementine kuendesha, Jane anakutwa amejinyonga baada ya kugundua ana mimba, Wellington inashambuliwa. Uchungu wote ule unafutwa kwa dakika chache ili kila mchezaji afike mahali pamoja. Ninaelewa sababu ya kiufundi, kwamba huwezi kutengeneza michezo minne tofauti, lakini kwa Jane namna hiyo ya kumwondoa haikumstahi hata kidogo.

Ulaya mchezo huu umepewa alama ya umri wa miaka 18, na alama hiyo ina haki yake: kuna mtoto anayejishona jeraha la mkono bila ganzi, na kamera haigeuki. Msiuwashe watoto wakiwa sebuleni.

Kuhusu mpangilio, ushauri wa kawaida ni kuanza na msimu wa kwanza, na kwa hadithi nzima ushauri huo ni sahihi. Ila kama mko wawili nyumbani, ningependa mmoja aanze na wa kwanza na mwingine aingie moja kwa moja kwenye wa pili, kila mmoja na hifadhi yake, na msiambizane lolote mpaka wote mfike kwenye kile kituo cha barabarani. Jane anahitaji angalau jaji mmoja ambaye hakumfahamu Kenny zamani.